Miguu ya Baba

Mabira, Jumanne

Na bado nakitamani hicho chuo cha mbali ninachokiomba mpaka naogopa kusema. Shahada ya uzamili ya kuandika maelekezo ya kitaalamu! Kwenye maombi wanataka mfano: nieleze kazi ambayo mgeni ataiweza kwa kusoma tu. Nimechagua rubisi, pombe yetu ya ndizi.

Leo nimemkuta baba akikanyaga ndizi na nyasi kwenye gogo lililochongwa shimo la kukamulia.

"Baba, unajuaje kama zimetosha?"

"Miguu inakuambia, mwanangu."

"Na mgeni je?"

"Amuulize baba yake."

Nimekasirika kweli. Jioni nzima naandika nafuta, na hatua hiyo bado haina maneno.

Nikikubaliwa, mgeni nitakuwa mimi. Na baba atakuwa huku.