Mwezi wa Watoto Uliokatwa Vipande

Jumatatu, 3 Machi

…na tena akapiga kura ya ndiyo! Mume wangu mwenyewe, mume wangu wa juzi! Zamani madaktari wanaosomea tiba ya dharura, kama yeye, walikaa mwezi mzima hospitali ya watoto, wakamaliza, wakarudi kwa wake zao. Sasa, kwa kura hiyo, mwezi huo umekatwa vipande: zamu moja kila wiki, mwaka mzima. Eti waone kila ugonjwa kwa majira yake — vikohozi vya baridi, kuhara kwa mvua. Alinieleza huku macho yanamng'aa. Nikampa hongera. Mzuri huyo mwanamume! Akili ya ndoa tu ndiyo hana.

Jumatano, 5 Machi

Ratiba imetoka. Jumamosi ya tarehe 15, ya kwenda kwa Bibi yangu — zamu ya watoto! Bibi hakuweza kuja harusini. Jicho moja limeshazima, na daktari wake amesema la pili linafuata. Anataka amwone mume wangu mwenyewe, asisimuliwe. Nimempigia.

"Mke mwenzangu," akasema, "umemficha wapi mume wangu? Waogopa nitakunyang'anya?"

Nikacheka. Nilipokata simu nikalia kidogo. Kidogo tu.

Ijumaa, 7 Machi

Amebadilishana! Mwenzake, yule tunayemwita Usingizi, atachukua Jumamosi ya watoto. Mpenzi wangu atachukua Jumanne yake ya watu wazima. Nilimkumbatia mpaka miwani ikapinda.

Jumatatu, 10 Machi

Imekataliwa. Mpanga zamu — mwanafunzi kama wao, ila amekabidhiwa ratiba basi anatembea kama waziri — anasema zamu ya watoto hubadilishwa kwa ya watoto tu. Vinginevyo mtu atahitimu hajawahi kumwekea mtoto dripu. Kanuni hiyo ilisomwa kwenye kikao kilekile cha kura! Mume wangu hakuisikia. Anasema wakati inasomwa alikuwa ananiwaza mimi.

Sasa mtu wa namna hii utagombana naye vipi?

Jumatano, 12 Machi

Nimempelekea chakula kazini. Mpanga zamu alikuwa mlangoni. Nikamwomba kwa adabu zangu zote.

"Shemeji, ninyi si mmeshaoana? Haraka ya nini? Mimi nawahurumia mabachela, bado wanatafuta."

Nikamshukuru kwa hekima hiyo kubwa. Nyuma ya pazia, mume wangu alikuwa anaunguruma kama pikipiki ili kitoto chenye pumu, kilichokimbizwa huko kwa watu wazima, kikubali kuvaa kinyago cha dawa. Kikavaa! Hasira zangu zote zikaisha, mjinga mimi.

Jumamosi, 15 Machi

Mume wangu anavaa viatu vya kazi, simu inalia. Bibi.

"Leo jicho limeamka vizuri. Mko njiani?"

Mume wangu akaichukua simu, kiatu kimoja mguuni, akamwambia ukweli: zamu, watoto, kosa lake.

Bibi akajibu: "Basi siku mtakayokuja vaa shati jekundu, mume wangu. Rangi nyingine zinanipotea."

Nikatazama ukutani tunapobandika ratiba. Ratiba ya wiki mbili zinazofuata bado haijatoka. Yeye hakutazama, akamwahidi:

"Kabla mwezi haujaisha utaliona shati hilo, Bibi."

Hana shati jekundu. Ninakwenda kununua.