Mafuta yenye iko na dawa

Mama Arakaza, usipike na ile mafuta nilikutumia jana kule Lubondja. Nakupigia simu, haushiki. Soma yote.

Si unajua Aline wangu anasoma chimie, ile kemia, ku chuo. Alileta bidon ya mafuta ya mawese ku nyumba, akasema, "Mama, hii nimetia dawa."

Dawa. Sisi hapa Baraka, maji yenye iko na dawa si ndiyo ya kunywa? Nikawaza mutoto amesafisha mafuta juu ya kolera. Nikakujazia chupa, kwa roho safi.

Sasa hivi niko nataka kukaanga samaki ndagala na ile mafuta. Aline anaingia, ananinyang'anya sufuria, anamwaga yote inje.

"We, unamwaga chakula?"

"Mama, ile si mafuta tena. Ni mazout."

Mazout, dizeli ya kutia ku moteur ya bwato. Ati dawa yake inatoka ku kuvu, kama ile inaota ku mukate, ndiyo inageuza mawese. Mimi nikacheka. Yeye hakucheka.

"Kuvu haina shida, mama. Shida ni méthanol, alcool yenye tulichanganya ku chuo, ingine ingali ndani. Inaua macho."

Inaua macho, Mama Arakaza. Na mi ndiye nilikutumia.

Aline ameshapanda pikipiki anakuja kwako. Kama batoto bamekula, usingoje baseme banaumwa. Ubapeleke ku hospitali, sema méthanol.

Kama hamujakula, niandikie neno moja tu: bado.