Vijitu Usoni mwa Msomaji Habari

Jumatatu, 2 Juni 1997
Zamu kama kawaida. Saa moja jioni nafungua kumbi za TV za mabweni matatu, vijana wanatazama habari, nafunga. Huo ndio ulezi wa mabweni. Mchana nafundisha useremala. Leo, katikati ya habari, vijitu vidogo vimeanza kuruka usoni mwa msomaji. Kimoja kimemwingia puani. Vicheko. Nimeizaba TV kofi. Haikusaidia. Mkono unauma.

Nyumbani picha safi kabisa. Githeri, mahindi na maharagwe yetu ya jioni, imeungua. Mke wangu, Mama Muthoni, anasema ni jiko.

Jumanne, 3 Juni
Vijitu tena, mabweni yote. Antena ya chuo ni moja tu, juu ya paa la bwalo. Kutoka pale waya unagawanyika: mabweni matatu, kwa Prinsipo, mkuu wa chuo, na kwangu. Ni marufuku kuunganisha kitu kingine. Mtu ameunganisha gemu ya video, na picha yake inasambaa kwa wote.

Namshuku Gichuki, mwanafunzi wa umeme, kijana wa Endarasha. Mwezi uliopita nilimnyang'anya mashine ya gemu. Iko kwangu juu ya kabati mpaka muhula ufungwe. Lazima amepata nyingine. Leo amenisalimia kwa heshima kupita kiasi. Mtu asiye na kosa hasalimii hivyo.

Alhamisi, 5 Juni
Nimepekua vyumba. Koili za kuchemshia maji, stovu, kuku mmoja hai. Gemu hakuna. Gichuki amenisaidia kuinua magodoro. Ujanja huo naujua.

Prinsipo ameniita. Vijitu vimeruka hata kwenye TV yake, mbele ya wageni wa bodi. "Bwana Ndiritu, ni nani?" Nikamtaja Gichuki. Jina lilitoka kabla sijafikiri. Amesema asipopatikana mwingine kufikia Jumatatu, kijana aende nyumbani, na mitihani yake ya mwisho ingoje mwaka ujao. Nimetoka ofisini nikijiona mpelelezi hodari.

Mama Muthoni ana lengelenge kwenye kidole gumba. Ati ni kupukuchua mahindi. Nimempaka mafuta.

Ijumaa, 6 Juni
Nimemkalisha Gichuki mbele yangu, mikono juu ya meza. Vijitu vimekuja vilevile. Akavitazama, akasema polepole, "Mwalimu, huyu anacheza hajui. Kila saa anaanguka shimo la kwanza." Wenzake wakacheka. Basi ana mtu nje. Anamtuma.

Jumapili, 8 Juni
Nimetega. Saa moja, wanafunzi wote bwaloni, hata wagonjwa. Nimeita majina. Mabweni yamefungwa, funguo mfukoni mwangu. Prinsipo na jamaa yake wako matangani Mukurweini, nyumba yake imefungwa. TV ya Bweni la Kwanza tumeileta bwaloni, tukaichomeka kwenye antena.

Vijitu hivyo hapo. Shimo la kwanza, chini.

Nikahesabu miisho ya waya kwa vidole. Vinne vikakunjika. Kikabaki kimoja. Gichuki alikuwa akinitazama.

Nimeufuata waya nguzo hadi nguzo mpaka dirisha langu. Mama Muthoni kwenye kiti changu, ulimi umetoka pembeni, kijitu kikiruka na yeye anainuka. Githeri inanuka moshi. Nimesimama kwenye baridi. Sijamwona na furaha hivyo tangu nimtoe kwao Gakindu. Kila jioni namwacha peke yake. Hilo limeniuma kuliko kudanganywa.

Nimeingia. "Ni jiko," akasema kabla sijauliza, kidude cha kuchezea bado mkononi. Tumecheka mpaka machozi. Halafu nikakumbuka Gichuki. Nikaacha kucheka.

Jumatatu, 9 Juni
Nimemwahi Prinsipo asubuhi. Nimemwambia mashine ilikuwa kwangu, imeunganishwa kwangu. Sikutaja mtu. Ametikisa kichwa. "Mzee mzima, Ndiritu!" Anaamini ni mimi. Na iwe hivyo.

Kijana anabaki. Mimi nimeamriwa kukiri mbele ya gwaride la wanafunzi wote. Nimekiri. Masikio yalikuwa moto. Nimemtaja Gichuki kwa jina, nikamwomba msamaha. Halafu sauti kutoka nyuma: "Mwalimu, ruka shimo!" Gwaride lote likaangua kicheko, na Gichuki naye.

Ulezi wangu utaamuliwa muhula ukiisha. Nyumba pia, maana ni ya chuo.

Jumatano, 11 Juni
Nimemwalika Gichuki kwa chai. Akachungulia nyuma ya TV. Mama Muthoni alikuwa ameunga waya wa gemu na wa antena pamoja kwa plasta ya kidonda, ili akisikia viatu vyangu arudishe habari upesi.

Gichuki akamwambia, "Mama, chomoa ya antena kwanza. Hapo hakuna mtu atakuona. Na hilo shimo usiliendee mbio. Simama kidogo, ndio uruke."

Nilimpa mashine yake. Ameiacha. Ati sheria ni mpaka muhula ufungwe.

Zamu. Habari safi kila bweni, uso wa msomaji mtupu. Vijana wanapiga miayo.

Niliporudi, pazia letu lilikuwa linamemeta buluu. Sikubisha. Nimekaa kwenye ngazi, baridi ya mlima shingoni, nikingoja avuke shimo.