Jogoo Aliyekwenda Vihingo

Mjomba,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo nikakaa kidogo kulitazama, kama vile marahaba yako ingetokea chini yake. Haya, tuendelee.

Vifaranga walitoka. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kujua, kama zamani ukiwa zamu bandari kavu ya Kwala: mimi napiga picha nakutumia, wewe unanijibu kwa sauti huku malori yananguruma nyuma yako. "Mpwa, huyo wa kushoto ni mweusi, usijidanganye. Wa kulia ndiye wa majivu. Mtenge." Safari hii nilipiga picha, nikabaki nimeshika simu. Nimtumie nani? Mama anasema kifaranga ni kifaranga. Na shuleni hakuna anayejua kwamba nafuga kuku. Unanijua nilivyo, hata jina langu likiitwa darasani naitikia kwa kunyoosha mkono.

Yalikuwa mayai ya mwisho, yaliyotagwa jogoo wako akiwa bado bandani. Nilimwekea yule kuku mkali, anayedonoa kila mkono isipokuwa wako. Sasa anadonoa yote.

Asubuhi waliyototolewa nilichungulia chini ya mbawa zake, nikaona weusi watupu. Nililia, Mjomba. Kifaranga wa majivu ndiye akikua anatoa manyoya yenye pindo la bluu; bila yeye, pindo ulilolihangaikia miaka yote lilikuwa limeishia na wewe. Nilisahau kabisa ulichonifundisha: aliyelowa bado hana rangi, na ile taa ya njano ya bandani inadanganya. Mpaka akauke, umtoe juani, upulize manyoya ya shingoni uone kule chini. Kesho yake nikawatoa uani, nikapuliza mmoja mmoja. Wawili walikuwa majivu. Majivu kabisa, yale mepesi yanayokaa juu ya jiko. Nikasema kwa sauti, "Wapo!" Halafu nikaona aibu, ingawa uani nilikuwa peke yangu.

Unakumbuka nilipokuletea lile neno la Kiingereza? Nilisoma kwenye simu kwamba kuku hawa huko duniani wanaitwa wa lesi. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Lesi? Ya gauni la harusi?" Ukachukua unyoya mmoja, ukauweka juu ya khanga ya Mama iliyokuwa imeanikwa. "Tazama. Katikati mji mwekundu, pindo limeuzunguka pande zote. Huyu ni kuku wa pindo, basi, imekwisha." Mpaka leo nikikutana na lile neno naona vidole vyako, na ule unyoya.

Wale wawili walipokua kidogo nikaanza kutazama upanga wa kichwani. Wa jogoo unawahi kuwa mwekundu. Upanga wao ulibaki mdogo, wa njano. Mitetea wote wawili. Kwa hiyo bado nilihitaji jogoo, na jogoo alikuwa Vihingo.

Hilo hulijui, ngoja nikusimulie. Siku ya matanga yako mtani wako Bi Mwantumu alikuja kutoka kwake Vihingo, kule Kisarawe. Alivaa mabuti yako ya bandani, akatembea ameinamisha bega kama wewe, akawagombeza kuku kwa sauti yako. "Nyie mnakula tu, kutaga mnasubiri mshahara?" Watu walicheka huku wanalia. Kisha akaingia bandani, akatoka na jogoo wa bluu kwapani. "Salumu kaniachia huyu! Anayemtaka aje amkomboe kwa mdomo wake!" Kila mtu alijua ni utani, na mtani hakasirikiwi. Ilitakiwa mmoja wetu asimame amjibu. Kazi hiyo ilikuwa yako. Mimi niliangalia mkeka. Akaondoka naye.

Basi Jumamosi moja nilipanda gari hadi Mlandizi, nikachukua bodaboda mpaka Vihingo, mkononi nina tenga tupu. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya kusema "naomba jogoo wetu." Nilimkuta Bi Mwantumu anapepeta mchele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nani wewe? Aaa, yule bubu wa Salumu! Umekuja na tenga, unahamia?"

"Nimemfuata jogoo."

Aligeukia shamba la mihogo akapaza sauti: "Salumuuu! Njoo, wamekufuata kwenu!"

Mjomba, niligeuka nyuma kukutafuta.

Akatoka yeye, jogoo, anakimbia katikati ya mihogo, kifua mbele, kila unyoya na pindo lake. Kumbe kampa jina lako. Tangu tukuzike sikuwa nimesikia mtu akiliita. Nyumbani wewe ni "marehemu." Mama, dada yako wa tumbo moja, hata hilo hasemi, anasema "yule ndugu yangu," halafu anakumbuka ana kitu jikoni.

"Mkomboe sasa," Bi Mwantumu akasema. "Angekuwa Salumu ningeshatukanwa mpaka mtandio unidondoke. Ukoo mzima mlikaa siku ile kama mmejaza maji mdomoni. Mimi nimebaki na nani wa kunitania?"

Alisema kwa mzaha, lakini ungo aliuweka chini.

Niliweka tenga chini. Halafu sijui maneno yalitoka wapi. Nikasema, "Bibi, watu wa kwenu kuku hamuwawezi, nyie mmezoea kufuga mbu. Ona alivyokonda, mnamlisha maneno badala ya pumba."

Alinitazama toka miguuni hadi kichwani. Nikajua nimeharibu. Kisha akaangua kicheko, akapiga makofi, akakaa juu ya kinu, akacheka hadi akawa anafuta macho, na akaendelea kuyafuta muda mrefu baada ya kicheko kuisha. "Mchukue," akasema. "Mchukue huyo mjomba wako, kaniharibia mahindi."

Nilidhani yameisha. Jioni ile ile, nyumbani Mkuza, saa ya kufungia kuku, jogoo alipanda ukuta wa jirani akakataa kushuka. Nikamwita kama unavyowaita wewe, kwa ulimi. Nikatikisa kopo la pumba. Hata kugeuza kichwa hakugeuza. Nikaelewa, na nikatamani nisielewe. Mama alikuwa jikoni, dirisha wazi. Nilivuta pumzi.

"Salumu!"

Akashuka saa hiyo hiyo. Na Mama akatoka, mwiko mkononi.

"Unamwita nani?"

"Jogoo, Mama. Bi Mwantumu ndiye kamzoesha. Hasikii jina lingine."

Nilingoja aniambie haifai, kuku kubeba jina la mtu aliyetangulia. Alimtazama jogoo akiingia bandani, akarudi jikoni. Usiku huo tulikula kila mtu na sahani yake.

Siku iliyofuata nilichelewa kutoka shule. Nilipokaribia geti, mwanga ulikuwa umeanza kufifia, nikasikia sauti ya Mama uani. "Salumu! Salumu we! Unataka giza likukute huko?" Hakuwa anaita kuku, Mjomba. Alikuwa anaita mdogo wake aliyechelewa mchezoni. Aliita tena na tena, hata nilipoona kupitia upenyo wa geti kwamba jogoo ameshashuka, yuko miguuni pake.

Sikuingia. Nilisimama nje na begi langu mpaka alipomaliza.

Bado mimi ni mpweke, sitakudanganya. Sasa Mama anaita jioni, mimi nimechukua zamu ya asubuhi. Nakuahidi, nikiwa hai hapa Mkuza, haitapita siku bila jina lako kuitwa kwa sauti kubwa, majirani wakitaka wacheke.

Mungu akupe nafasi pana huko ulipo. Kwaheri, Mjomba Salumu.

Mpwa wako