Kibali kilikuwa cha uwanjani

Mwenzangu, uko hapo? Usinipigie, nitalia. Soma tu.

Wametusimamishia ngumi! Zile ngumi za shule za kuchangia kituo cha yatima. Na zamu iliyofuata ilikuwa ya Nyundo. Nyundo wangu! Glavu zilikuwa mikononi tayari.

Mvua ilianza asubuhi, nikasema ulingo tuuhamishie bwaloni. Nani angefikiria? Mbao tukabeba wote, hata baba yake Nyundo. Ndiyo, YULE baba! Yule aliyeapa kwamba yeye akiwa hai binti yake hapigani. Nimembembeleza mwaka mzima, leo kaja, kavaa koti lake la harusini, kalowa chapachapa, anabeba mbao huku anacheka.

Mara akaingia afisa wa michezo. "Mwalimu, kibali chako ni cha uwanjani. Bwalo hili hatujalikagua. Teremsha watoto."

Nikamwambia ni mvua, mzee wangu, mvua tu!

"Mvua ikinyesha unatupigia simu, tunakuja kukagua."

Simu moja, mwenzangu. Simu moja tu!

Baba mtu akasimama mbele ya watu wote. "Kumbe hata serikali inajua huu ni uhuni." Akatoka. Nilitaka kumfuata, nikaishia kuketi ukingoni mwa ulingo.

Nyundo hakulia. Bora angelia. Alifungua kamba za glavu kwa meno, akazifuta vizuri kwa sketi yake, akaniwekea mapajani.

"Mwalimu, mpe mwingine. Baba yuko nje, hana mwavuli."