Alama Nyekundu Kaburini

Itumbe, Jumanne

Reli tu ndiyo tuliyotaka. Mama mmoja wa chama cha abiria wa treni huko Ulaya alituandikia kwamba walianza kusikizwa vyama vya nchi zao vilipoungana. Basi sisi wa chama cha abiria cha Kisii tukaungana na wenzetu wa Nyamira, na barua kwa serikali nikaiandika mimi, kwa kalamu ya kabatini kwetu: reli ipitie Itumbe.

Leo wapimaji wa reli wamekuja. Wamekatiza shamba la majani chai, wakapaka alama nyekundu kwenye kaburi la baba, hapo kando ya nyumba.

Mama hakulia. Aliuliza tu, "Nani amewaonyesha huku kwetu?"

Akaniletea kalamu kutoka kabatini.

"Wewe ndiye umesoma. Waandikie wapitie kwingine."

Ni kalamu ile ile.