Bonde Lisilo na Mto

Yoramu, ndugu yangu,

Kabla hujauliza: ndiyo, bado mimi ndiye kijana mzuri kuliko wote kuanzia Kasulu mpaka Kibondo. Kengele ya baiskeli yangu ikilia Kitahana, wasichana wanamwaga unga wa muhogo, na mama zao wanasahau kuwagombeza kwa sababu nao wanachungulia. Simba wa pori la Moyowosi aliwahi kunipisha njia. Najua ungesema, "Bahati we, muongo wa darasa la nne." Siku hizi hakuna anayeniita hivyo. Wananiheshimu, na heshima yao inaniuma kuliko matusi yako.

Nakupigia makofi ya salamu, polepole, kama tunavyowapigia wakubwa, ingawa nilikuzidi kwa msimu mmoja wa maharage.

Huku mambo yamegeuka. Tumehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, nyumba zimepangwa kando ya barabara kama meno. Mama yako sasa ni jirani yetu. Migomba yake imebaki kule juu, nyani ndio wenyeji. Mwenzetu Hamisi karudi dukani kwa baba yake, anapima chumvi na mafuta ya taa. Baiskeli hataki kuiona. Mteja akija na yake, anaambiwa aiegeshe mbali.

Lakini si wewe uliyeanza? Tumezaliwa vilimani, nusu ya maisha yetu tumesukuma baiskeli kupanda, ndipo ukasema twende jangwani, nchi tambarare, huko baiskeli inakwenda yenyewe. Mimi nikasema nitafika kabla ya kivuli changu. Hamisi akaleta solusheni na viraka. Tukatoka watatu, Biharamulo, Mwanza, tukavukia Kenya. Watu wakiuliza tunakwenda kuuza nini, unawajibu tunakwenda kuona mchanga. Walicheka mpaka wakatupa viazi bure. Kitale palikuwa na baridi kama kwetu. Kisha barabara ikaanza kuteremka, ikatushusha mpaka kwenye jangwa la Turkana.

Mchana ule tuliona miti ya kijani imejipanga chini ya bonde. Kwetu Buha bonde ni mto, hata mtoto anajua. Hatukuwahi kuona mteremko usioishia majini. Kwa hiyo pale juu tukamaliza galoni la maji, tukanawa na nyuso, wewe ukamwagia mnyororo kidogo eti upoe, tukateremka tukiimba. Chini tukakuta mchanga. Mchanga mtupu, na mawimbi yake. Hamisi akachimba kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu. Wewe ukasema, "Huu mto umetoka kidogo tu, utarudi." Tulicheka, Yoramu. Kwa nini tulicheka?

Kesho yake hukuweza kusimama. Nilikuacha na Hamisi chini ya mti, nikaenda kutafuta. Mama mmoja mchunga mbuzi, ambaye hatukuelewana hata neno, alinitazama midomo tu akanijazia galoni.

Tuliporudi, mama yako alikataa matanga yaanuliwe. Wazee walikuja, pombe ya ndizi ikachacha, naye alitaka jambo moja tu. "Mwanangu alikunywa?" Unajua kwetu mtu haachwi aende na koo kavu. Hamisi akainama. Mimi nikafungua mdomo huu unaoujua. Nikasema ulikunywa, ukashiba, ukasema matamu kama ya kisima chetu. Siku hiyohiyo akaruhusu matanga yaanuliwe. Akalala usingizi.

Sasa akitoka kupalilia ananiita nimsimulie tena. Nami kila mara naongeza. Mara ulijipangusa mdomo, mara uliomba mengine. Juzi nilisema ulibeua mbele ya yule mama wa mbuzi bila haya. Alicheka. Mama yako alicheka, Yoramu, kisha akashika mkono wangu akanishukuru. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikachanja kuni mpaka giza likaingia.

Lala, ndugu yangu. Mchanga ule usikulemee. Naahidi nitamlimia mama yako kila msimu, kuni nitamchanjia, na siku yake ikifika nitamnywesha mimi mwenyewe. Kumwambia ukweli siwezi kuahidi. Nakuambia wewe. Galoni nililileta limejaa. Nilikuinua kichwa nikamimina maji, yakatokea pembeni mwa mdomo, mchanga ukayanywa yote. Wewe hukunywa.